Kuvu, Kutu na Uyoga: Ukoo Mmoja, Milango Mingi

Kiswahili kina maneno mbalimbali kwa viumbe ambavyo mtu hangedhani vina udugu. Unga wa kijani juu ya mkate uliolala huitwa kuvu au ukungu. Vumbi la rangi ya machungwa chini ya jani la mkahawa huitwa kutu. Kinachoumua maandazi ni hamira, na kile kichwa cheupe kinachochomoza penye kichuguu mvua zinapoanza ni uyoga. Wataalamu wa elimu ya viumbe wameviweka vyote katika ukoo mmoja, ukoo wa kuvu.

Zamani kuvu zilihesabiwa kuwa mimea, kwa kuwa hazitembei. Lakini kuvu haina ule ukijani ambao kwao mmea hujipikia chakula juani. Yenyewe hutoa maji makali yanayoyeyusha gogo, jani au nafaka, kisha hunyonya kilichoyeyuka. Mwili wake ni nyuzi nyembamba mno, isipokuwa hamira na wenziwe, walio chembe moja moja; na kuta zake zina kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la kaa. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, R. H. Whittaker, alizipa kuvu himaya yao wenyewe, mbali na mimea na wanyama.

Ukoo huo umegawanywa katika milango, na kipimo cha kale ni namna kila kuvu inavyobeba vijimbegu vyake. Mlango mkubwa kupita yote ni wa vifuko. Humo vijimbegu hukaa ndani ya kifuko kidogo, kwa kawaida vinane, kama kunde katika ganda lake. Hamira ni wa mlango huu, na vilevile kuvu ambayo kwayo Alexander Fleming aligundua penisilini huko London mwaka 1928. Lakini ndugu yao mmoja ni muuaji. Aspergillus flavus huota katika mahindi yasiyokauka vema na kuacha humo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Ndiyo sababu mahindi huanikwa juu ya turubai, wala si juu ya udongo, na hayatiwi ghalani mpaka unyevu wake ushuke chini ya asilimia 13.5.

Ugonjwa wa tunda la kahawa, ulioonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, nao ni wa mlango wa vifuko, ingawa vifuko vyake havijaonekana shambani. Kuvu za namna hii ziliwatatiza wataalamu miaka mingi. Walizitupa zote katika kapu moja, kama watoto wasiojulikana baba zao. Siku hizi nasaba husomwa ndani ya chembe yenyewe, na kapu hilo limekwisha kazi.

Mlango wa pili ni wa virungu. Hapa vijimbegu, mara nyingi vinne, hukaa nje, juu ya kichwa cha kirungu kidogo. Uyoga ni wa huku. Kadhalika kutu ya kahawa, iliyoangamiza mashamba ya Ceylon tangu mwaka 1869. Kutu hiyo huingia kwa matundu ya kupumulia yaliyo upande wa chini wa jani, basi apulizaye dawa juu tu amejichosha bure. Aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa Kenya mwaka 1985, huhimili kutu na ugonjwa wa tunda pia.

Iko milango mingine midogo, kama ule wa ukungu mweusi wa mkate wenye vichwa kama vya pini, na ule ambao vijimbegu vyake vina mkia na huogelea majini.

Amebaki mgeni aliyevaa nguo za ukoo huu. Ukungu wa viazi, ulioleta njaa kuu ya Ayalandi tangu mwaka 1845, ambamo watu wapatao milioni moja walikufa, una nyuzi na vijimbegu kama kuvu. Hata hivyo kuta zake ni za selulosi, na jamaa zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Jambo hili lina gharama kwa mkulima wa Nyandarua au Meru. Dawa nyingi za kutu huua kwa kuzuia kuvu kutengeneza aina ya mafuta ambayo chembe zake haziwezi kuishi bila hayo. Ukungu wa viazi hautengenezi mafuta hayo, kwa hiyo dawa hizo haziudhuru, na fedha hupotea pamoja na viazi. Yafaa mnunuzi ataje ugonjwa wenyewe dukani na kusoma karatasi ya chupa, asiseme tu kwamba ataka dawa ya kuvu. Dawa za shaba huzuia ukungu wa viazi na kutu ya kahawa pia, mradi zipulizwe kabla ugonjwa haujaingia ndani ya jani.