Kano la Kisigino Likikatika: Tiba Isiyo ya Kisu

Katika malalamiko yanayofikishwa vituoni mwetu baada ya mechi za mwisho wa wiki, lipo moja lenye sura ileile kila mara. Mchezaji alikuwa akianza kukimbia au akijikaza kuruka. Ghafla akasikia mlio nyuma ya mguu, mfano wa kamba iliyokatika, akahisi kana kwamba amepigwa teke au jiwe juu kidogo ya kisigino. Akaanguka, akageuka, na mtu wa kwanza aliyemwona nyuma yake ndiye aliyekuwa mshtakiwa. Iwapo vijana wa Koboko walikuwa wakicheza na wenzao wa Kaya upande wa Sudan Kusini, au timu ya Arua ilikuwa imewaalika vijana wa Ariwara kutoka Kongo, lawama hiyo haibaki uwanjani. Hufuata watu nyumbani, na hata sokoni.

Tunaandika makala haya kwa sababu mara nyingi mshtakiwa huyo hakufanya lolote. Hisia ya kupigwa kutoka nyuma ndiyo dalili mashuhuri ya kukatika kwa kano la kisigino, na madaktari duniani kote huisikia kutoka kwa wagonjwa ambao hawakuguswa na mtu. Ipo pia sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Watu wanapogombana juu ya nani alimpiga nani, mguu unapoteza siku zilezile ambazo zingeuwezesha kupona bila kupasuliwa.

Kano hili ni ule ugwe mnene unaoshikika kwa vidole nyuma ya mguu, juu ya kisigino. Kazi yake ni kuunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ndilo kano nene kuliko yote mwilini, na bila hilo mtu hawezi kusimama kwa ncha za vidole wala kujisukuma mbele anapotembea. Madaktari wameliita kwa jina la Akile, shujaa wa hekaya za Wagiriki ambaye mwili wake wote haukuingia silaha isipokuwa kisigino. Pamoja na unene wake, kano lina sehemu dhaifu, sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, ambako damu hufika kwa uchache. Hapo ndipo hukatika mara nyingi. Wanaopatwa zaidi ni wanaume wa miaka 30 hadi 50 wanaocheza mara mojamoja: mtu ameketi dukani au ofisini wiki nzima, kisha Jumapili anaingia uwanjani kama kijana wa miaka 18. Askari wanaocheza mechi za ujirani mwema wamo humo pia, hatujitoi.

Kuna chanzo kingine ambacho wachache wanakifahamu. Dawa ya siprofloksasini, ambayo wengi wetu huinunua dukani bila kupimwa, kwa kudhani tuna homa ya matumbo, inajulikana kwamba huweza kudhoofisha makano, hasa kwa watu waliopita miaka 60 au wanaotumia pia dawa za jamii ya steroidi. Anayeitumia akaanza kuhisi maumivu nyuma ya kisigino asiendelee kumeza wala asiingie uwanjani. Arudi kwa mhudumu wa afya amweleze.

Ugumu wa jeraha hili ni kwamba hudanganya. Maumivu makali ya mwanzo huweza kupungua baada ya muda mfupi. Mgonjwa huweza kuchechemea, na huweza hata kuinamisha wayo kidogo, kwa kuwa makano mengine madogo yanayopita kando ya kifundo humsaidia. Wanaomzunguka husema ameteguka tu, akandwe, apumzike siku mbili. Ndivyo wiki tatu zinavyopita.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mgonjwa hulala kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya ukingo wa kitanda, na mhudumu wa afya hubana shavu la mguu kwa kiganja. Mguu mzima huitikia: wayo hujisogeza wenyewe kuelekea chini. Mguu ambao kano limekatika hauitiki. Mara nyingi pia kidole kikipitishwa juu ya kano hukuta bonde mahali palipokuwa na ugwe. Mhudumu yeyote katika kituo cha afya aweza kufanya kipimo hiki kwa miguu yote miwili na kulinganisha, na mgonjwa ana haki ya kuomba kifanywe. Picha ya eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi kano. Kuambiwa kwamba mfupa ni mzima si kuambiwa kwamba mguu ni mzima.

Siku ya kwanza kinachotakiwa ni kidogo. Mgonjwa asikanyage. Mguu ufungwe kwa kipande cha ubao au kadibodi ngumu, vidole vikielekea chini kama vya mtu anayechungulia juu ya ukuta, kwa kuwa mkao huo ndio unaozikaribisha ncha mbili za kano zilizoachana. Mguu uinuliwe, na barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe kwa dakika chache ikiwa ipo. Asichuliwe. Tunawaheshimu wazee wanaojua kuunga mifupa na kuchua viungo, na kwa mambo mengine wameifaa jamii. Lakini kano lililokatika likichuliwa na kuvutwa, ncha zake huzidi kuachana, na damu iliyokusanyika kati yake, ambayo ndiyo malighafi ya kuunga, hutawanyika.

Mwenye kuamini kwamba kweli alipigwa anaweza kufungua jalada na kupewa fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha. Haki hiyo haipotei kwa kutanguliza hospitali. Nasi tunapochunguza tutauliza kwanza ni nani aliyekuwa karibu wakati mlio uliposikika, na kama kuna mchubuko au uvimbe wa pigo juu ya ngozi. Waamuzi na viongozi wa timu watatusaidia sana wakiandika jambo hilo palepale uwanjani, kabla habari haijapata miguu yake yenyewe.

Sasa tuje kwenye tiba. Wengi wanaamini kwamba kano lililokatika lazima lishonwe, na imani hiyo imetokana kwa sehemu na wachezaji mashuhuri. David Beckham alipokatika kano la kisigino mwezi Machi 2010 akiichezea AC Milan, alipasuliwa siku iliyofuata nchini Finland, na bado alilikosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Watu waliikumbuka operesheni, wakasahau kwamba hata aliyepasuliwa na mabingwa alihitaji miezi mingi.

Utafiti wa miaka ya karibuni umelipunguzia jambo hili ukungu. Mwaka 2022 watafiti wa Norway walitoa matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 526: wengine walipasuliwa kwa njia ya kawaida, wengine kwa tundu dogo, wengine hawakupasuliwa kabisa. Baada ya mwaka mmoja makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa katika maumivu, nguvu na uwezo wa kufanya shughuli. Tofauti ilikuwa katika hatari. Kano lilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wasiopasuliwa, na kwa asilimia 0.6 tu ya waliopasuliwa. Kwa upande mwingine, majeraha ya neva yalikuwa machache zaidi kwa wasiopasuliwa: asilimia 0.6, dhidi ya 2.8 na 5.2 kwa makundi ya upasuaji. Kidonda kuambukizwa, jambo linalotisha mahali ambapo maji safi ni ya kuchota, ni hatari ya kisu peke yake.

Uingereza nayo, mwaka 2020, ilitoa matokeo ya wagonjwa 540 wasiopasuliwa. Nusu walifungwa plasta ngumu, nusu wakavaa buti maalumu la kuvulika lenye kabari chini ya kisigino. Miezi tisa baadaye hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kwetu West Nile habari hii ina uzito, kwani buti hilo ni ghali na ni adimu, ilhali plasta ya jasi ni kitu ambacho mafundi wa mifupa katika hospitali zetu wanakifahamu vizuri. Asiye na fedha za buti hajakosa tiba.

Plasta yenyewe haiungi kitu, hushikilia tu. Kinachounga ni mwili. Damu iliyoganda kati ya ncha mbili hugeuka polepole kuwa nyuzi laini zisizo na mpangilio, na nyuzi hizo hujipanga na kukomaa kadiri zinavyopewa mzigo mdogo unaoongezwa kwa kiasi. Ndiyo sababu siku za mwanzo zina thamani kubwa. Kwa kawaida madaktari hutaka mguu uwe umefungwa ndani ya wiki mbili tangu kuumia, na mapema zaidi ni bora. Ncha zikiachwa mbali, nafasi hujazwa na kovu refu, na kano refu ni kano legevu: mtu atatembea, lakini hatakuwa na nguvu ya kujisukuma.

Plasta ya kwanza hufungwa vidole vikielekea chini, na kwa takribani wiki mbili mgonjwa hutumia magongo bila kukanyaga. Baada ya hapo wayo huinuliwa kidogo kidogo, ama kwa kubadilisha plasta ama kwa kuondoa kabari mojamoja, na daktari humwambia ni lini aanze kukanyaga na kwa uzito gani. Jumla yake huwa wiki 8 hadi 10, pengine 12. Katika muda huo vidole vikiwa baridi, vikabadilika rangi au kufa ganzi, plasta imebana. Arudi siku hiyohiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma sana, au pumzi ikabana ghafla na kifua kikauma, huenda damu imeganda ndani ya mishipa, na hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali hata usiku.

Hatari kubwa ya kano kukatika tena huja wakati plasta imetoka. Mguu hauumi, mtu amechoka kukaa, na nyuzi mpya bado ni changa. Viatu viwe na kisigino kilichoinuka kidogo kwa wiki kadhaa. Kandambili na miguu mitupu visubiri. Mtu asijinyooshe mguu kwa nguvu akidhani anaulegeza. Na hapa maisha yetu yanahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa maelekezo mengi yaliandikwa na watu wanaoketi juu ya viti. Kuchuchumaa hulivuta kano kuliko karibu tendo lolote la nyumbani. Katika choo cha shimo, kiti cha mbao chenye tundu, kazi ya nusu siku kwa seremala, humwokoa mgonjwa. Anayepika mafigani apate kigoda kirefu. Muislamu aswali ameketi kitini, kwani mgonjwa ameruhusiwa, badala ya kukunja vidole vya mguu ule katika kikao na sijida. Kupanda kilima na kuinama na jembe kwenye mteremko viachwe kwa wengine msimu mmoja.

Waendesha bodaboda tunawasihi zaidi. Breki ya nyuma ya pikipiki hukanyagwa kwa mguu wa kulia na gia hubadilishwa kwa wa kushoto. Hakuna mguu wa akiba. Mwenye plasta hapaswi kuonekana kwenye usukani wa barabara ya Arua na Koboko, na abiria akimwona ana haki ya kushuka.

Mazoezi huanza polepole chini ya maelekezo ya mtaalamu wa viungo: kukunja na kukunjua wayo, kisha kujiinua kwa visigino vyote viwili, na baada ya miezi kadhaa kwa kimoja. Asiyeweza kujiinua kwa mguu mmoja mara nyingi mfululizo hajawa tayari kukimbia. Mpira hurudiwa baada ya miezi 9 hadi 12. Shavu la mguu ulioumia huweza kubaki jembamba kuliko la mwenzake kwa miaka. Hilo si ishara kwamba tiba imeshindwa. Mvuta tumbaku na mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona kwa kuchelewa.

Wapo ambao kisu ni lazima kwao. Kano lililokatwa kwa panga, kwa bati au kwa spoku za baiskeli, jambo linalowapata watoto wanaopakiwa nyuma, ni kidonda cha kuoshwa, kuchomwa sindano ya pepopunda na kushonwa hospitalini. Hali kadhalika kano lililong'oka pamoja na kipande cha mfupa, na lile lililocheleweshwa kwa wiki nyingi. Hao Koboko huweza kuwapeleka Hospitali ya Rufaa ya Arua.

Wengi wa wasomaji wetu wana nyumba pande mbili za mpaka. Aliyefungwa plasta Arua kisha akarudi Ariwara, au aliyefungwa Koboko akavuka Oraba kwenda Kaya, achukue karatasi inayoonyesha siku ya kuumia, siku plasta ilipofungwa, mkao wa wayo na tarehe ya kurudi. Mhudumu wa upande wa pili hawezi kukisia mambo hayo kwa kuitazama plasta. Na ikiwa tarehe imefika na njia haipitiki, plasta isiloweshwe wala kukatwa nyumbani kwa msumeno. Heri ikae wiki moja zaidi, mguu ukiwa umeinuliwa, mpaka afike kwa mtu mwenye kujua.