Aliyelala hajijui: Tusicheke kukoroma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia usingizi kuwa mapumziko ya waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kulizungumzia jambo ambalo majumbani mwetu huchukuliwa kuwa ni kichekesho, nalo ni kukoroma. Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini wako wanaokoroma kwa kishindo, kisha ghafla kimya kikatanda, kifua kikihangaika bila ya hewa kupita, mpaka mtu ashtuke akitweta kama aliyepaliwa, na mara akarejea usingizini. Madaktari huiita hali hii apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi usingizini.

Sababu yake kubwa ni kwamba mtu alalapo misuli ya koo hulegea, ulimi ukarudi nyuma na njia ya hewa ikaziba. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hupungua katika damu, na ubongo humzindua mtu ili avute hewa. Kwa aliyezidiwa, hayo hutokea mara 30 au zaidi kwa kila saa. Basi hulala usiku kucha akaamka kana kwamba hakulala: kichwa kinamuuma, kinywa kimemkauka, na mchana anasinzia kazini, msikitini na, la hatari zaidi, akiwa kwenye usukani. Tena maradhi haya huambatana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi.

Hapa ndipo tunapodhulumiana. Baba anayeshindwa kuamka Alfajiri huambiwa imani yake ni dhaifu, na mtoto anayesinzia madrasa huchapwa kwa uvivu. Tunasahau kwamba sheria yetu imemwondolea kalamu aliyelala mpaka aamke. Hatusemi kwamba kila mvivu ni mgonjwa; tunasema tuchunguze kabla ya kulaumu. Mtoto anayekoroma kila usiku, akalala mdomo wazi na mchana asitulie, huenda ana mafindofindo makubwa au nyama za pua. Apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwani watoto wengi hupata nafuu kubwa zinapoondolewa.

Mgonjwa mwenyewe hakumbuki yaliyompata usiku. Shahidi wake ni aliye ubavuni pake. Kwa hiyo ni juu ya mke au mume kusikiliza vyema, kumweleza mwenzake kwa upole, faraghani, na kufuatana naye hospitali. Wala asidhani kwamba kumweleza daktari ni kusengenya au kufichua siri ya ndoa, kwani maulamaa wameruhusu kutajwa hali ya mtu panapokuwa na haja inayokubalika kisheria, na tiba ni haja.

Ama dawa, ya kwanza ni kupunguza uzito kwa aliyenenepa, na kuacha sigara. Ulevi, ambao tumeharamishiwa, nao huzidi kulegeza koo; vivyo hivyo baadhi ya dawa za usingizi. Kulala chali huzidisha kuziba kwa wagonjwa wengi, na sisi tumefundishwa Sunna ya kulalia ubavu wa kulia. Kwa waliozidiwa, kuna mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisizibe, tiba aliyoitangaza Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, mwaka 1981. Kuitumia si upungufu wa kutawakali, kwani Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu.

Ndugu msomaji, usiku wa leo ukisikia kukoroma kumekatika ghafla, usicheke, wala usigeuke upande wa pili kwa hasira. Sikiliza kama pumzi imerejea, na asubuhi mwambie mwenzako uliyoyasikia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azipe afya familia zetu na atujaalie kuhurumiana. Amin.