Glasi Zilizofungiwa Kabatini

Katika nyumba zetu nyingi lipo kabati la vioo sebuleni. Ndani yake mna glasi na sahani za wageni, na ufunguo anao mama. Watoto hunywea vikombe vya plastiki. Siku mtoto akivunja glasi moja, tunapandisha sauti hata majirani wasikie. Usiku baada ya sala, tukimwona amelala na michirizi ya machozi mashavuni, tunajiuliza: hivi tulikuwa tunalinda nini?

Mmarekani mmoja, Henry David Thoreau, alijiuliza swali la namna hiyo zamani. Mwaka 1845 alijenga kibanda cha chumba kimoja kando ya ziwa dogo la Walden, karibu na mji wa Concord. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, kilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Aliishi humo miaka miwili na miezi miwili, akiwa na viti vitatu tu. Mezani aliweka vipande vitatu vya mawe ya chokaa. Alipoona kwamba itampasa kuvipangusa vumbi kila siku, alivitupa nje ya dirisha.

Mtasema: huyo hakuoa wala hakuwa na watoto, na kwa mama yake hakukuwa mbali; alikwenda mara kwa mara. Ni kweli. Sisi hatuwezi kuhamia msituni. Sufuria, ndoo na blanketi twavihitaji. Wala umaskini si wa kusifiwa. Anayelala njaa hakuchagua.

Lakini yale mawe yanatuhusu. Kitu tulichonunua kitutumikie kimeanza kututumikisha. Na tukisema kweli, si glasi tunayoipenda. Tunaogopa macho ya jirani. Ndivyo tulivyo wanadamu: tukipata kimoja, twatazama cha mwenzetu. Tunacheza upatu kwa ajili ya ada ya shule, zamu yetu ikifika tunanunua vyombo vipya, na ada inabaki deni. Hapo, ingawa ufunguo tunao sisi, sisi ndio tuliofungiwa.

Hatusemi tuuze kabati. Tuanze na jambo dogo: kesho tulifungue, tuwape watoto maji katika glasi zile. Huenda moja ikavunjika. Tuchukue ufagio, tuzoe vipande, kisha tumshike mtoto mkono tuangalie kama hakujikata. Hapo ndipo tutakapojua moyo wetu umefunguka kiasi gani.