OILI YA INJINI ILIYOFUNGWA UPYA

Leo tuzungumzie pikapu, hasa zile Peugeot 404 za zamani. Gari hili si dhaifu: ndilo lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Lakini hata gari shupavu huchoka. Mkulima anauza mahindi ya msimu mzima, ananunua pistoni, silinda, ringi na kemshafti mpya, fundi anafunga injini. Fedha yote hiyo yaweza kupotea kwa oili isiyofaa katika siku chache za mwanzo.

Kwa nini? Ringi mpya na silinda mpya hazijazoeana. Lazima zisuguane kidogo mpaka zikaane barabara. Zisipokaana, injini itakula oili na kutoa moshi wa buluu. Kwa hiyo mwanzoni tumia oili ya kawaida ya madini. Ile ya bei kubwa iliyotengenezwa kiwandani kwa kemikali huteleza mno, nayo yaweza kuchelewesha ringi kukaa.

Sasa tazama kopo. Utaona namba kama 20W-50. Namba ya kwanza, yenye W, yaeleza oili ilivyo injini ikiwa baridi. Ya pili, injini ikishapata moto. Kwa injini ya zamani katika nchi yetu ya joto, 20W-50 yafaa. Halafu tafuta herufi: S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli.

Hapa pana mtego, ndugu wakulima. Msidhani oili mpya kabisa ndiyo bora kwa kila gari. Kemshafti ya 404 husukuma tapeti kwa kusugua, nayo hulindwa na dawa yenye zinki na fosforasi. Tangu mwaka 2004, dawa hiyo ilipunguzwa katika oili nyepesi za petroli, kama 5W-30, ili isiharibu vifaa vya kusafisha moshi katika magari mapya. Oili nzito ya 20W-50 haikufungwa na sharti hilo. Basi usishawishiwe na muuzaji kutia oili nyepesi.

Siku ya kuwasha, fuata haya:

1. Fundi apake kemshafti na tapeti mafuta mazito ya kufungia injini.
2. Tia oili hadi alama ya juu ya kijiti, usipitishe.
3. Zungusha injini bila kuiwasha mpaka oili ipande.
4. Ikiwaka, usiiache inguruma taratibu kwa muda mrefu. Kemshafti yataka oili ya kutosha.
5. Kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo mzito, wala usiende mwendo wa aina moja tu.
6. Baada ya hapo mwaga oili ingali moto, badili na filta. Vumbi la chuma linalometa kidogo ni kawaida. Ukiona vipande, rudi kwa fundi.

Nunua kopo lenye kifuniko kisichofunguliwa. Oili ya kupimiwa kutoka pipa lisilojulikana yaweza kuwa iliyokwisha kutumika. Na ile uliyomwaga, usiitupe shambani wala karibu na kisima.

Haya, ndugu wakulima, kopo la oili ni bei ndogo kuliko injini. Kwaherini, tukutane juma lijalo.