Sifuri Mbili za Kwenye Slipu ya Mshahara

Tangu Idi nimeulizwa swali hili mara nne, na kila anayeuliza ana bumbuwazi lile lile: "Nimefanya kazi Uingereza miaka thelathini, mbona wananiambia nina miaka kumi na tisa?"

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Coventry, ambaye wengi wetu tumekula pilau yake harusini na misibani. Alikuja na barua mkononi na kopo la biskuti kwapani. Ndani ya kopo mlikuwa na slipu zake za mshahara, zimepangwa mwaka kwa mwaka na kufungwa kwa mpira. Hajawahi kukaa bila kazi wala kupanga foleni ya msaada. Barua ikamwambia kwamba, akifikisha umri, atapata kama paundi 125 kwa wiki. Kiwango kamili cha pensheni ya serikali kwa mwaka wa kodi 2025/26 ni paundi 230.25.

Mambo ya mwanzo sitayarudia. Kila mtu barazani anajua kwamba chini ya miaka 10 hupati kitu, kwamba kiwango kamili kwa kawaida kinadai miaka 35, na kwamba umri ni 66, ambao kati ya 2026 na 2028 unapanda kufika 67. Kinachotuponza ni neno "mwaka". Sisi tukisema mwaka wa kazi tunamaanisha mwaka ambao mtu aliamka saa kumi alfajiri akapanda basi la kwanza. Serikali haina habari na basi lako. Kwake mwaka ni fedha zilizopita kwa mwajiri mmoja na kufika kiwango fulani. Zisipofika, hukufanya kazi.

Tukafungua kopo. Mama alikuwa na kazi mbili za usafi, ofisini asubuhi na shuleni jioni, kwa kampuni mbili tofauti. Kwenye kila slipu, mstari wa michango ya Bima ya Taifa, hii tunayoiita NI, ulisoma sifuri. Yeye aliifurahia sifuri ile. Hakukatwa, basi fedha zote zilikuja nyumbani.

Hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu sifuri ziko mbili na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa viwango vya 2025/26, ukipata kati ya paundi 125 na 242 kwa wiki kwa mwajiri mmoja, hukatwi kitu, lakini wiki hiyo unahesabiwa kana kwamba umechangia. Hiyo ni sifuri yenye baraka. Ukipata chini ya 125, hukatwi na huhesabiwi. Slipu zote mbili zitaandika 0.00, na hakuna karani atakayekupigia simu kukuambia yako ni ipi.

Baya zaidi, kazi mbili ndogo hazijumlishwi. Chukua kima cha chini cha mshahara cha mwaka huo, paundi 12.21 kwa saa. Dada anayefanya saa 9 huku na saa 9 kule ana kama paundi 110 kila upande. Anasugua sakafu saa 18 kwa wiki, na mwaka wake ni mtupu. Jirani yake anayefanya saa 11 tu, lakini kwa mwajiri mmoja, wiki baada ya wiki, anafikisha paundi 6,500 zinazotakiwa kwa mwaka na kuhesabiwa mwaka mzima. Anayefanya zaidi ndiye anayekosa. Walioandika kanuni hii sidhani kama waliwahi kubeba boksi.

Mama alibeba adha hiyo tangu miaka ya tisini, wakati viwango vilikuwa chini zaidi na kanuni ni hii hii. Leo wanaoibeba ni vijana wetu: wanafunzi, makea wa shifti, wenye ejensi mbili za mikataba isiyo na saa maalumu. Kijana, ukiwa na nafasi ya kuchagua, omba saa zako zikusanywe upande mmoja hadi uvuke kiwango cha chini cha mwaka huo, ndipo ugawe zilizobaki.

Pensheni ya kazini ina ugonjwa huo huo. Mwajiri analazimika kukuingiza mwenyewe ukiwa na miaka 22 au zaidi na anakulipa zaidi ya paundi 10,000 kwa mwaka katika kazi hiyo peke yake. Ukipata kati ya 6,240 na 10,000 hakuingizi, lakini ukiomba hana ruhusa ya kukataa, na lazima naye achangie. Ni barua ya mistari miwili, na ni wachache mno kati yetu wanaoiandika. Wengine wameingizwa, wakaomba kutolewa ili wapate fedha ya kutuma nyumbani. Ukijitoa unamwachia mwajiri mchango wake, na yeye hatakulilia.

Sasa akina mama. Anayepokea posho ya mtoto aliye chini ya miaka 12 anahesabiwa mwaka wa NI bure, hata kama hana kazi. Lakini anayehesabiwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye fomu. Kwa mama wa Coventry fomu ilijazwa na mumewe, kwa sababu wakati ule ndiye aliyekuwa na akaunti ya benki. Mumewe alikuwa dereva wa basi mwenye kazi ya kutwa, mwaka wake umejaa tayari. Haki ya mke ikamwagika katika chungu kilichojaa, huku chungu chake mwenyewe kikikauka.

Haki hiyo inaweza kuhamishwa. Kwa miaka ya kabla ya Aprili 2010 kuna fomu CF411, na kwa ya baadaye CF411A. Lakini hii ya baadaye ina muda wake, kwa hiyo usikae nayo. Akina mama waliopokea posho kwa jina lao kabla ya Mei 2000 nao wakague rekodi zao. Serikali yenyewe imekiri kwamba wengi miaka yao ya malezi haikuandikwa, kwa kuwa fomu za wakati ule hazikulazimisha namba ya NI. Kosa ni lao, kazi ya kulisahihisha wamekuachia wewe.

Bibi anayelea wajukuu wakati binti yuko kazini, naye ana haki, ikiwa hajafika umri wa pensheni, mtoto hajatimiza miaka 12 na mzazi ana mwaka wake tayari. Mzazi anakubali, bibi anaomba, na haki inarudi nyuma hadi Aprili 2011. Ni malezi yale yale ambayo tungeyafanya bila kuombwa, basi tusiyaache yapite bure.

Angalizo kwa wenye viza inayokataza fedha za umma: posho ya watoto imo katika katazo hilo, usiiguse kabla ya kuuliza mwanasheria. Pensheni ya serikali haimo. Hiyo ni michango yako, na usikubali mtu akutishe.

Baada ya kudai vya bure ndipo uzungumzie kununua miaka. Kwa 2025/26 mwaka mmoja ni paundi 17.75 kwa wiki, kama 923 kwa jumla, na kwa kawaida unakuongezea kama paundi 342 za pensheni kila mwaka. Ukiishi miaka mitatu baada ya kustaafu, fedha imerudi. Lakini unaruhusiwa kurudi nyuma miaka sita tu. Dirisha la kununua miaka ya 2006 hadi 2016 lilifungwa tarehe 5 Aprili 2025, na mama amechelewa. Wala usilipe kabla hujapiga simu ofisi ya pensheni na kuambiwa kwamba mwaka huo utakuongezea kitu. Wauguzi na wafanyakazi wa halmashauri wa kabla ya 2016, hasa nyinyi: wengi michango yenu ilipunguzwa kwa sababu ya pensheni ya kazini, kwa hiyo 35 yenu si 35 ya jirani. Mimi nimesikiliza muziki wa simu dakika hamsini kwa swali la dakika tatu. Chemsha chai, weka spika, subiri.

Mwenye miaka hamsini na kitu atafikiwa na jamaa wa WhatsApp mwenye "njia" ya kufungua pensheni ya kazini mapema amalizie nyumba ya Kigamboni. Umri wa kuigusa ni 55, na kuanzia Aprili 2028 utakuwa 57. Ukiitoa kabla bila sababu halali, kama ugonjwa mzito, kodi ya adhabu inaweza kufika asilimia 55, na jamaa naye ana ada yake. Utabaki na fedha ya mlango na dirisha.

Halafu kuna kurudi nyumbani. Ukihamia Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo au Oman, pensheni ya serikali inakufuata, lakini inaganda. Aliyekwenda Mombasa na kuanza kulipwa kiwango kamili mwaka 2016 alianza na paundi 155.65, na hadi leo ni hizo hizo. Angehamia Jamaika au Ufilipino, angepandishiwa kila mwaka. Wastaafu walipeleka suala hili hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashindwa mwaka 2010. Kati ya hizo 155.65 na kiwango kamili cha 2025/26, tofauti ni kama paundi 75 kila wiki. Rudi, kuna raha ya kuzeekea kwenu, lakini panga bajeti kwa fedha isiyoongezeka huku bei ya unga ikipanda.

Fomu ya mama tumeituma mwezi uliopita, na saini ya mumewe. Jibu bado. Aliniuliza kama sasa azitupe zile slipu, nikamwambia asithubutu: kama kuna wiki aliyovuka kiwango na wao hawakuiandika, ushahidi umo koponi.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na koti, anachelewa shifti. Mama akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Hebu nione slipu yako."

Binti akafungua simu, akampa. Mama akavaa miwani, akasoma hadi chini.

"Na ya kule kwingine?"