Kabla ya Somo la Kwanza la Kutengeneza Zulia

Juni na Julai, sakafu ya saruji kule Kibosho, Machame na Marangu huwa ya baridi hadi mtoto akiamka anatembea kwa ncha za vidole. Hapo ndipo mzazi anapotamani zulia, na wengine hutamani kulitengeneza wenyewe.

Njia ya zamani ni gunia, kulabu na nyuzi. Ya kisasa ni mashine ya umeme inayoshikwa kama drili na kudunga uzi kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye fremu.

Mzazi, kama unaanza, usikimbilie kununua mashine. Ada ya Julai haisubiri. Jifunze kwanza. Nyuzi za mazoezi ya kulabu unaweza kuzipata kwa kufumua masweta ya mitumba ya Soko la Memorial, Moshi mjini.

Siku ya somo vaa viatu vya kufunika vidole, funga nywele na vua mtandio; mashine hunasa chochote kinachoning'inia. Vumbi la nyuzi ni jingi, hivyo beba barakoa, hasa mwenye pumu. Mtoto mdogo mwache nyumbani.

Chagua mchoro rahisi: duara, jani la mgomba. Ukitaka jina la mwanao, liandike kinyume, kwa kuwa unadunga upande wa nyuma. Wengi hugundua hilo gundi ikishakauka.

Zulia la kwanza litapinda. Litandike hivyo hivyo kando ya kitanda. Miguu ya mtoto haikagui kingo.