Mchungaji Yuko?

Saa kumi na moja alfajiri, hodi. Nikafungua nikiwa na kanga kichwani na tochi ya simu mkononi. Mlangoni amesimama kijana aliyelowa umande hadi magotini, anahema.

"Shikamoo mama. Mchungaji yuko?"

"Marahaba, baba. Ndiye mimi. Kuna nini?"

Akachungulia nyuma ya bega langu, kana kwamba mchungaji mwenyewe yuko chumbani anavaa viatu.

Nimezoea kuchunguliwa. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri, KKKT, lilizaliwa mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana, lakini ilikuwa 1990 ndipo lilipoamua kuwa mwanamke anaweza kubarikiwa kuwa mchungaji. Wa kwanza wakabarikiwa 1991, mimi nikiwa darasa la kipaimara, nikikariri amri kumi. Cheo kikaja, jina likakosekana. Huku kwetu mlimani, "mama mchungaji" ni mke wa mchungaji. Nami naitwa hivyo hivyo, kwa hiyo wageni huniuliza mume wangu atahubiri saa ngapi. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Harusini humpa kipaza sauti aombee chakula, naye ameshachoka kujieleza. Siku hizi anaomba tu, tena kwa kifupi kuliko mimi, na watu wanamsifu.

Yule kijana alikuja kusema kwamba kaka yake amefariki usiku.

Mtu akimwaza mchungaji humwaza mimbarini. Mahubiri ni dakika ishirini na tano kwa wiki, na hata somo silichagui mimi, limepangwa kwenye kalenda ya kanisa. Saa nyingine zote ni hodi. Chuoni Makumira nilifundishwa Kigiriki. Hakuna aliyenifundisha kuamua ugomvi wa kwaya kuu na kwaya ya vijana juu ya nani aliyekata waya wa kinanda. (Mimi namshuku panya, ila panya hana wa kumsemea barazani.)

Na kila hodi ina daftari lake. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuta migomba wakatuachia madaftari: ya ubatizo, ya ndoa, ya mazishi, na siku hizi la bahasha. Kwa msomaji asiye Mlutheri nieleze. Usharika wangu una mitaa minne, kila mtaa una mwinjilisti na wazee wa kanisa. Kila msharika ana bahasha zenye namba yake. Mwanzoni mwa mwaka anaandika ahadi, kisha anailipa kidogo kidogo, na mhazini anajaza safu. Fedha hizo ndizo mshahara wa mwinjilisti, mafuta ya pikipiki, bati la jengo na mgao wa dayosisi. Bahasha zikilegea, jiko langu nalo linalegea. Siwezi kuzidharau.

Kwenye daftari la bahasha, marehemu alikuwa na miaka mitatu mitupu.

Tulikaa na wazee ofisini saa mbili asubuhi. Mmoja wao akafunua daftari, akaweka kidole pale pale. "Mchungaji, huyu tukimpigia kengele na mwili ukaingia kanisani, anayelipa atalipa kwa nini?"

Swali hilo si la kipumbavu, na ndiyo sababu lilinikera. Mtaani kwa mzee huyo kuna mjane anayeuza ndizi sokoni ili bahasha yake isipite mwezi. Lakini marehemu alikuwa mgonjwa wa figo miaka miwili, na kati yetu tuliokuwa mle ofisini hakuna aliyewahi kupiga hodi kwake. Daftari lilikuwa na safu ya shilingi. Safu ya nani alikwenda kumwona haikuwemo, na ingekuwemo, jina langu lisingeonekana.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Nikasema mwili utaingia kanisani. Kengele ikapigwa, tukamzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwao, kando ya baba yake. Mzee yule hakuja. Hatujalizungumza mpaka leo. Kila Jumapili ananipa mkono, "Bwana Yesu asifiwe," najibu "Amina," naye anakwenda kuhesabu sadaka. Anaihesabu kwa uaminifu hadi sarafu ya mia, na kwa hilo namheshimu kuliko anavyojua.

Kuna wiki natamani kuacha. Kisha inafika Jumapili, ibada inaisha, watu wanatoka nje na mnada unaanza. Asiye na pesa huleta alichonacho: mkungu wa ndizi mafuso, jogoo, maziwa ndani ya chupa ya soda. Juzi bibi mmoja alileta yai. Yai moja, amelifunga kwenye kitambaa cha mkononi. Mnadishaji akaliinua juu kama kombe la mpira. Elfu moja! Elfu mbili, mara ya kwanza! Mwalimu mmoja akalinunua, akasema lirudi mezani. Likauzwa tena, likarudi tena, mara nne, likafikisha shilingi elfu ishirini na tatu. Wa mwisho, kijana aliyekuja kutembea kutoka Dar, akalitia mfukoni mwa koti la suti. Mnajua lilivyoishia. Bibi alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi.

Desemba ni habari nyingine. Wachagga wote wa mijini wanarudi nyumbani, magari yanajaa hadi barabarani, nabatiza watoto mfululizo mpaka mkono wa kulia unakufa ganzi. Tarehe mbili Januari tunabaki wazee, watoto na mimi.

Katika Desemba mojawapo ndipo walipokuja babu na bibi kubarikiwa ndoa. Walikuwa wamekaa pamoja miaka thelathini na minane. Mahari haikukamilika, wakaanza maisha, watoto wakaja, aibu ikaja, na siku zikaenda. Muda wote huo bibi alikuja ibadani na kukaa benchi la nyuma, wenzake wakienda kwenye Chakula cha Bwana yeye akibaki amewashikia mikoba. Nililitafuta jina lake daftarini. Limepigwa mstari kwa wino wa bluu na pembeni limeandikwa neno moja, kwa mwandiko wa mchungaji wa zamani: Ametengwa.

Wajukuu ndio waliokuwa wasimamizi. Pete iligoma kwenye kifundo cha kidole kilichovimba kwa miaka ya jembe. Babu akasukuma, akaitemea mate, akasukuma tena. Kanisa zima likabana pumzi. Mwishowe mama wa usafi akaleta kipande cha sabuni ya mche kutoka bombani, na pete ikapita huku povu likidondoka kwenye zulia la madhabahu ambalo baraza lilikuwa limelinunua kwa deni.

Kisha wakaja mezani. Bibi alipiga magoti polepole, mjukuu akimshika kiwiko. Nikampa mkate. Nikamwinamishia kikombe, akanywa, akakishika kwa mikono miwili na hakukiachia. Nilidhani anaumwa, nikainama.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "nilikuwa nimesahau kuwa ni tamu."